Vratislav na Ndugu Zake Wanne

Tarehe 10 Januari 1055, katika ngome ya Chrudim mashariki mwa Bohemia, mtawala Břetislav alikuwa anakata roho. Alikuwa akijiandaa kwenda vitani Hungaria maradhi yalipomwangusha. Wakubwa wa nchi waliokuwa karibu waliitwa kitandani kwake, naye akawapa wasia. Ana wana watano, aliwaambia, na nchi kuigawa mafungu matano ni kuiua. Kwa hiyo kiti kishikwe daima na aliye mkubwa kwa umri katika ukoo wote, na waliobaki wawe chini yake. Akawakumbusha Kaini na Abeli wa kwenye Maandiko, kisha akawakumbusha Václav na Boleslav wa nyumbani kwao.

Waliomsikiliza hawakuhitaji maelezo zaidi. Katika ukoo wa Přemysl, uliokuwa ukiwatawala Wacheki tangu karne ya 9, kuzaliwa na ndugu wa kiume kulikuwa hatari kuliko kupakana na adui. Václav, ambaye leo ni mtakatifu msimamizi wa taifa hilo, aliuawa mwaka 935 mbele ya mlango wa kanisa, na aliyepanga mauaji ni mdogo wake Boleslav. Miaka kama sitini na mitano baadaye, Boleslav wa Tatu alimhasi ndugu yake Jaromír na akajaribu kumsonga pumzi mdogo wao Oldřich ndani ya bafu. Oldřich alinusurika, akakua, akamfukuza Jaromír yuleyule kitini na mwishowe akampofusha macho.

Břetislav alikuwa mwana wa huyo Oldřich, aliyemzaa na Božena, mwanamke wa kijijini ambaye hakuwa mke wake wa ndoa. Hakuwa na ndugu wa kugombana naye. Nguvu zake zote alizielekeza nje: aliitwaa Moravia, akamtorosha binti wa kabaila wa Kijerumani, Jitka wa Schweinfurt, kutoka kwenye nyumba ya watawa alikokuwa akilelewa, na mwaka 1039 akaivamia Poland na kurudi na masalia ya Mtakatifu Vojtěch kutoka Gniezno. Huenda ndiyo maana aliamini kwamba maneno ya mtu anayekufa yangewatosha wanawe. Mtu ambaye hajawahi kulala nyumba moja na ndugu anayemwonea wivu hujipa matumaini mengi kuhusu sheria.

Mwanawe wa pili, Vratislav, ndiye aliyekuja kuwa mfalme wa kwanza wa Wacheki. Historia ya taifa husimulia taji hilo kama hatua kubwa ya dola changa, na kweli ilikuwa hatua. Lakini yafuate maisha yake mwaka baada ya mwaka utaona jambo jingine: karibu kila kitu kikubwa alichokianzisha, kuanzia uaskofu wa Olomouc na kanisa la Vyšehrad hadi yale mapatano na kaisari yaliyomletea taji, kilimsaidia kumwekea ndugu yake mmoja kizuizi. Taasisi ambazo zimedumu zaidi ya miaka mia tisa zilitokana na ugomvi wa nyumbani.

Utaratibu wenyewe alioacha Břetislav ulidumu hadi mwaka 1216, na ulikuwa na tatizo ambalo halikuhitaji watu wabaya ili lilete maafa. Kiti cha Prague kilikuwa kimoja. Ndugu wadogo walipewa Moravia, kila mmoja na mji wake mkuu, ama Olomouc, ama Brno, ama Znojmo, pamoja na ngome, mapato na wapanda farasi. Maana yake ni kwamba wale waliowekwa kwenye foleni ya kusubiri walipewa pia silaha za kuiruka foleni. Naye aliyekalia kiti alijua kwamba siku akifa, mwanawe wa kumzaa atasimama nyuma ya baba zake wadogo, na pengine nyuma ya binamu zake pia. Ni baba gani angeridhika na hilo?

Mkubwa wao, Spytihněv, alianza kazi bila kuchelewa. Tunasimuliwa kwamba siku ya kwanza ya utawala wake aliamuru Wajerumani wote, tajiri kwa maskini, wawe wametoka nchini ndani ya siku tatu, na hakumbakiza hata mama yake mzazi. Kisha akageukia Moravia. Aliwaandikia barua wakubwa mia tatu wa huko, kila mmoja kwa jina lake, waje kumlaki. Walipofika aliwatia minyororo, akawatawanya katika ngome za Bohemia, na farasi na silaha zao akawagawia watu wake.

Vratislav alipata habari mapema akakimbilia Hungaria, kwa mfalme András. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, hakuwahi kutoroka. Alikamatwa akapelekwa ngome ya Lštění, chini ya ulinzi wa liwali mmoja aitwaye Mstiš, na liwali huyo akabuni njia yake ya kuhakikisha mateka hatoroki: kila usiku aliufunga mguu wa mama huyo na mguu wake mwenyewe kwa pingu moja. Mwezi mzima ulipita hivyo. Hatimaye askofu wa Prague, Šebíř, alimwombea akaachiliwa amfuate mumewe. Alikuwa karibu kujifungua, akaharakishwa njiani, na ndani ya siku tatu akafa pamoja na mimba yake. Jina lake halikuandikwa popote.

Mfalme András akampa mgeni wake binti yake Adelheid awe mke. Spytihněv, alipoona mdogo wake sasa ana jeshi la Hungaria nyuma yake, akaona heri amrudishe na kumpa miji yake ya Moravia. Ndugu wengine wawili, Konrád na Ota, hawakuwa na mkwe wa kuwatetea. Hao aliwachukua kwake Prague, akamfanya Konrád msimamizi wa wawindaji, na Ota msimamizi wa wapishi na waoka mikate. Walikuwa watoto wa mtawala, wenye haki ya kurithi nchi, na sasa kazi yao ni mbwa wa kuwindia na sufuria za jikoni.

Spytihněv alifariki Januari 1061, na kwa mujibu wa wasia kiti kikamwendea Vratislav. Aliwatoa ndugu zake utumwani na kuwarudisha Moravia: upande wa mashariki wenye Olomouc ukawa wa Ota, upande wa Brno na Znojmo ukawa wa Konrád. Mwanzo mzuri. Ila kulikuwa na deni la Mstiš.

Mstiš wakati huo alikuwa liwali wa mji wa Bílina, na alikuwa amejenga kanisa la Mtakatifu Petro. Akamwendea mtawala mpya, akamsihi aje kwenye kutabaruku kanisa lile. Vratislav akakubali, tena kwa uso mkunjufu. Ibada ikafanyika, watu wakaketi kula. Katikati ya karamu tarishi akaja akamnong'oneza Mstiš sikioni: uliwali wako umekwisha, amepewa Kojata mwana wa Všebor. Mstiš hakutaharuki. Akajibu kwamba mji ni wa mtawala, aufanye apendavyo, ila kile ambacho kanisa limekipata siku ile hana uwezo wa kukichukua. Usiku ule marafiki zake wakamtorosha. Msimulizi wetu anaongeza kwamba laiti asingekimbia, angepoteza macho yote mawili, na pamoja nayo ule mguu alioufunga na mguu wa mke wa mtawala.

Na huyo msimulizi inafaa ajulikane, kwa sababu karibu yote tunayoyajua yametoka mkononi mwake. Aliitwa Cosmas, mkuu wa mapadri wa kanisa kuu la Prague, aliyeandika historia ya Wacheki kwa Kilatini katika uzee wake na kufariki mwaka 1125. Alikuwa na mke, Božetěcha, kama mapadri wengi wa zama hizo, alikuwa na ulimi mkali, na alijua kusimulia. Lakini alikuwa ameishi na kufanya kazi chini ya askofu Jaromír, ndugu wa Vratislav na mpinzani wake mkubwa kuliko wote. Unapomsoma ukamkuta Vratislav mjanja na mwenye kinyongo, kumbuka ni nani aliyewahi kumlipa mwandishi. Mimi huona kwamba mara nyingi Cosmas husema kweli kuhusu alichofanya Vratislav, na hunyamaza kuhusu sababu zake.

Jaromír alikuwa mwana wa nne. Baba yao alikuwa amemtenga kwa ajili ya kanisa, akapelekwa masomoni ng'ambo. Nia ilikuwa kupunguza idadi ya midomo kwenye sahani moja. Aliporudi baada ya kifo cha Spytihněv, kijana huyu alitaka sehemu yake ya nchi kama wenzake. Vratislav akamkatalia, akamlazimisha kunyolewa na kupewa daraja la ushemasi, huku mwenyewe akipinga kwa nguvu zote. Shemasi huyo hakudumu. Aliyavua mavazi ya kanisa, akajifunga mkanda wa upanga, akakimbilia Poland na wafuasi wake.

Kila mtu alijua kwamba askofu Šebíř akifa, Jaromír atadai kiti cha Prague. Uaskofu wa Prague ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, Bohemia na Moravia pamoja, na mapato yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1063 Vratislav alifanya jambo ambalo mtu anaweza kulisifu kwa uchaji wake hadi atakapotazama ratiba ya matukio: alianzisha uaskofu wa pili, huko Olomouc, akamweka mtawa wa Břevnov aitwaye Jan. Šebíř alifidiwa akaridhika. Kiti ambacho Jaromír angekirithi kilikuwa kimekatwa nusu kabla hajakikalia. Zaidi ya hayo, mtawala sasa alikuwa na mtu wake katikati ya Moravia, mlangoni kwa Ota.

Šebíř alifariki Desemba 1067. Konrád na Ota wakamwita Jaromír kutoka Poland, wakamvua upanga na kumrudishia joho. Vratislav alikuwa na mpango tofauti: kumpa uaskofu padri wake wa nyumbani, Msaksoni aitwaye Lanzo. Aliukawiza uchaguzi hadi jeshi lilipokusanyika Dobenín, kwenye lango la kuelekea Poland, mwaka 1068. Pengine alidhani mbele ya jeshi hakuna atakayethubutu kufungua kinywa. Alimwita Lanzo mbele, akamkabidhi fimbo na pete ya kiaskofu.

Watu hawakushangilia kama ilivyokuwa desturi; walinung'unika. Kojata, yuleyule aliyepewa Bílina, alikuwa amesimama kando ya Ota. Akamgonga ubavuni, akamuuliza anasubiri nini. Mwana wa mtawala anadharauliwa hadharani, alisema, na mgeni aliyeingia nchi hii hata suruali hana ndiye anayepandishwa kitini! Kojata, Ota na Smil, liwali wa Žatec, wakamchukua Jaromír wakaondoka, wakapiga kambi yao penginepo, na sehemu kubwa ya jeshi ikawafuata. Vratislav akajikuta na watu wachache. Alirudi mbio kuilinda Prague na Vyšehrad zisije zikatekwa, kisha akatuma watu kuomba suluhu. Tarehe 15 Juni Jaromír alichaguliwa askofu. Kojata na Smil walikimbia usiku, maana mtawala aliyewasamehe ndugu zake hakuwa na nia ya kuwasamehe wao.

Askofu huyu mpya alikwenda Mainz kuwekwa wakfu na kupewa jina la Kijerumani, Gebhard. Kisa kimoja cha safari hiyo kinamweleza mtu kuliko hati zote. Mpanda farasi wake, Vilém, alikuwa ameketi ukingoni mwa mto Rhine, miguu ikining'inia majini. Askofu akamnyatia kwa nyuma akamsukuma mtoni, akitania kwamba anambatiza mara ya pili. Vilém alipoibuka, akitema maji, alimjibu bwana wake kwamba kama huo ndio ubatizo wake, basi ana wazimu. Wakacheka wote wawili. Miaka michache baadaye utani wa namna hiyo ulipata mtu ambaye hakucheka.

Dai la Jaromír lilikuwa moja tu, na alilirudia kwa kaka yake kwa miaka: Olomouc ifutwe. Vratislav hakukubali wala hakukataa waziwazi. Mnamo mwaka 1072 askofu wa Prague akaamua kwenda mwenyewe. Aliingia Olomouc kana kwamba ni mgeni anayepita, na askofu Jan, mtu mzee mpole, akamfungulia nyumba yake. Jaromír akamshika nywele kwa mikono miwili, akamwinua na kumbwaga sakafuni kama mganda wa majani makavu. Watu wake wakamalizia kwa viboko.

Jan akapeleka malalamiko kwa mtawala, na mtawala akaona fursa. Padri Hagno akatumwa Roma na barua. Alifika Regensburg tu, ambako watu wa upande wa Jaromír walimvizia, wakamnyang'anya fedha na kumkata pua. Safari ya pili ya wajumbe ililindwa vizuri zaidi, na kesi ikafika kwa Papa. Mjumbe wa Papa, Rudolf, alikuja Prague na kumwita askofu kwenye sinodi. Jaromír hakutokea. Rudolf akamvua madaraka, na hapo likatokea ambalo Vratislav hakulitarajia: mapadri wa Prague walivua stola zao, wakaziacha altare tupu na kugoma kusali, hadi mjumbe akalegeza hukumu.

Mambo yalipofika kwa Papa Gregori wa Saba, aliyechaguliwa mwaka 1073, kesi ya Olomouc ilikuwa imekuwa suala la Roma nzima. Gregori alimwita Jaromír. Jaromír akaenda, na huko akapata mtetezi mzito, Matilda wa Toscana, ambaye alimhesabu kuwa ndugu yake wa ukoo. Alirudishiwa uaskofu wake kwa masharti ya kuiacha Olomouc. Hakuwa na nia ya kuyatimiza. Vratislav naye katika vuta nikuvute hiyo alijipatia kibali cha Papa cha kuvaa kofia ya kiaskofu, heshima ya ajabu kwa mtu asiye padri, ambayo alitakiwa kuilipia fedha kila mwaka.

Alikuwa pia amehama nyumba. Ngome ya Prague, upande wa kushoto wa mto Vltava, ndimo yalimokuwa kanisa kuu na makazi ya askofu. Kukaa humo kulimaanisha kuamka kila siku na Jaromír dirishani. Vratislav akahamia Vyšehrad, kilima cha upande wa pili wa mto, na mnamo mwaka 1070 akaanzisha hapo jumuiya ya mapadri wa Mtakatifu Petro iliyowajibika kwa Papa moja kwa moja. Askofu wa Prague hakuwa na kauli juu yao. Mapokeo yanasema mtawala alibeba mwenyewe mabegani vikapu kumi na viwili vya mawe ya msingi. Kanisa la duara la Mtakatifu Martin, lililojengwa zama zake, bado limesimama kilimani pale.

Kwa wakati huohuo Ujerumani ilikuwa inawaka. Mfalme wake Henry wa Nne, baadaye kaisari, alikuwa akipigana na Wasaksoni, kisha na Papa, kisha na mfalme mpinzani, Rudolf wa Rheinfelden. Wakubwa wengi walibadili upande kadiri upepo ulivyovuma. Vratislav hakubadili. Alipigana upande wa Henry kwenye mto Unstrut mwaka 1075; mwezi Januari 1080, huko Flarchheim, watu wake waliuteka mkuki wa dhahabu wa Rudolf, na tangu hapo mkuki huo ulibebwa mbele yake siku za sherehe. Wapanda farasi wa Kicheki walikwenda hadi Italia kusaidia kuizingira Roma. Tarehe 12 Mei 1082, huko Mailberg, Vratislav, Konrád na Ota walipigana bega kwa bega wakamshinda Leopold wa Austria. Ni mara chache ndugu hawa walionekana wakielekeza mikuki upande mmoja.

Utii wake kwa Henry una sababu nyingi, ikiwemo ardhi ya Lusatia na Meissen aliyoahidiwa. Lakini kaisari alikuwa pia chombo cha nyumbani. Taji lingempa Vratislav cheo ambacho ndugu zake wasingeweza kukidai kwa hoja ya kwamba wao nao ni wana wa Břetislav. Baba yao aliuwekea wasia utawala, ufalme hakuuwekea kwa sababu hakuwa nao. Jaromír alilijua hilo, na alikuwa ameshapiga hatua yake mwenyewe: kuanzia mwaka 1077 hadi 1084 alikuwa chansela wa Henry. Ndugu wawili wasioweza kukaa upande mmoja wa mto mmoja walikuwa wakimtumikia bwana mmoja.

Henry aliwalipa wote wawili. Mwaka 1085, kama wanavyohesabu wanahistoria wengi, ingawa Cosmas anaandika 1086, mkutano wa Mainz ulimtangaza Vratislav mfalme, na tarehe 15 Juni Egilbert, askofu mkuu wa Trier, akampaka mafuta katika ngome ya Prague pamoja na mkewe Svatava, binti wa Poland aliyemwoa baada ya Adelheid kufariki. Kitabu cha Injili kilichotengenezwa kwa ajili ya tukio hilo, chenye kurasa zilizopambwa kwa dhahabu na zambarau, kimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa huko Prague. Na mwaka 1086 Jaromír akapata hati ya kaisari: askofu Jan alikuwa ameshafariki, na Olomouc ikaunganishwa na Prague.

Taji lilikuwa na dosari moja. Henry alilitoa kwa mtu, si kwa ukoo, kwa hiyo lingekufa naye. Vratislav alikuwa mfalme, lakini mwanawe angekuwa mmoja wa wangojaji kama kawaida.

Ota alifariki Juni 1087, na kifo chake kilionyesha mfalme alivyokuwa akiwaza. Kwa desturi sehemu ya Olomouc ingebaki kwa mjane na watoto wa Ota, Svatopluk na mdogo wake aliyeitwa Ota kama baba yao. Vratislav aliwaondoa, na mji akampa mwanawe Boleslav. Mwaka uliofuata akaivunja hati ya kaisari pia: akaweka askofu mpya Olomouc, Wezel. Jaromír aliona hana la kufanya tena nchini. Alitoka kwenda kutafuta haki nje, akaishia Hungaria, na Juni 1090 akafia Esztergom. Alikuwa amepigania nusu ya uaskofu kwa miaka ishirini na miwili.

Alibaki Konrád, na Konrád aliwachukua watoto wa Ota chini ya ulinzi wake. Mwaka 1091 mfalme akaizingira Brno.

Wakati wa kupanga mahema, mshauri wa mfalme aitwaye Zderad alijitia kuchekesha. Alisema Břetislav, mwana mkubwa wa mfalme, apewe nafasi kando ya mto, kwa kuwa anapenda sana kuchezea maji. Kila aliyekuwa pale alielewa. Muda si mrefu nyuma, Břetislav na watu wake walivamiwa na Wasaksoni wakiwa wanaoga mtoni mchana wa jua kali, na aliponea chupuchupu baada ya kupoteza watu wengi. Kijana hakusema neno. Alikwenda hemani, hakula, na usiku akatuma habari kwa baba yake mdogo Konrád, ndani ya mji uliozingirwa. Asubuhi alimwita Zderad kando kama mtu mwenye mazungumzo. Akamkaripia kwa maneno machache, akamtupia glavu kifuani, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara: vijana wake wakamwinua Zderad juu kwa mikuki. Kisha Břetislav akajitenga, na sehemu kubwa ya jeshi ikamfuata.

Hii ilikuwa Dobenín mara ya pili, ila safari hii aliyeondoka na jeshi alikuwa mwanawe.

Katika hali hiyo alitokea mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Virpirka, mke wa Konrád, alitoka mjini bila mumewe kujua, akaingia kambini kwa mfalme, akaanguka miguuni pake akilia. Alimwambia kwamba anaiteka nyumba yake mwenyewe. Ikiwa anatafuta mali, iko nyumbani kwake: wafanyabiashara matajiri na Wayahudi wenye dhahabu na fedha wako chini ya ngome ya Prague na Vyšehrad, kwa nini aje kuchoma vijiji vya ndugu yake? Hoja ya Wayahudi ni ya ukatili, na inasema mengi kuhusu nani aliweza kuibiwa bila aibu katika karne ile. Hata hivyo mfalme alimwinua, akambusu, akapatana na mumewe.

Akafanya zaidi ya hapo. Aliwaita wakubwa, akawaapisha kwamba baada yake kiti ni cha Konrád, kama wasia wa Chrudim ulivyosema. Sheria ambayo alikuwa ameikiuka kwa watoto wa Ota sasa alijificha nyuma yake dhidi ya mwanawe. Břetislav alikusanya jeshi, baba na mwana wakatazamana, na vita vikazuiwa kwa juhudi za Konrád mwenyewe. Mwana akahamia Hungaria na watu wake, kama baba yake alivyofanya miaka thelathini na mitano kabla.

Vratislav alifariki tarehe 14 Januari 1092, akazikwa Vyšehrad. Konrád alitawala miezi isiyotimia minane, akafariki Septemba. Břetislav akarudi kutoka uhamishoni akashika kiti, na mara moja akaanza kufikiria jinsi ya kuwapita wana wa Konrád. Mwaka 1099, huko Regensburg, alimwomba Henry wa Nne amtambue nduguye wa baba mmoja, Bořivoj, kuwa mrithi. Desemba ya mwaka uliofuata alichomwa mkuki akitoka kuwinda Zbečno.

Miaka ishirini na mitano iliyofuata nitaipita haraka, kwa maana majina hubadilika na kisa ni kilekile. Bořivoj alifukuzwa mwaka 1107 na Svatopluk, mtoto wa Ota aliyenyang'anywa Olomouc. Mwaka mmoja baadaye, huko Vraclav, Svatopluk aliamuru ukoo wa Vršovci uuawe wote, watoto kwa watu wazima. Septemba 1109 naye akauawa kambini, katika vita vya Poland. Kikaja kizazi cha Svatava: Vladislav, kisha Bořivoj tena, kisha Vladislav tena.

Svatava mwenyewe alikuwa bado hai, akiwa mjane kwa miaka thelathini na mitatu, mwaka 1125 Vladislav alipokuwa mahututi. Mke wa Vladislav, Richeza, alitaka kiti kiende kwa Ota wa Olomouc, yule mtoto wa pili wa Ota, ambaye alikuwa amemwoa dada yake. Kwa kanuni ya umri Ota alikuwa na haki. Svatava alikwenda hadi kitandani kwa mwanawe, akamsihi amwite Soběslav, mdogo wao wa mwisho, ambaye Vladislav alikuwa amemfukuza nchini. Mgonjwa akakubali. Soběslav akarudi, ndugu wakapatana, na tarehe 12 Aprili Vladislav akafariki.

Ota hakukubali. Alikwenda kwa mfalme Lothar wa Ujerumani, akaeleza kwamba yeye ndiye mkubwa na kwamba amedhulumiwa urithi, na Lothar akamsindikiza na jeshi. Tarehe 18 Februari 1126, kwenye theluji ya bonde la Chlumec, Soběslav aliwazingira wavamizi na kuwashinda. Lothar aliomba amani, akamtambua mshindi kuwa mtawala wa Bohemia. Ota, ambaye Vratislav alikuwa amemtoa Olomouc akiwa mtoto karibu miaka arobaini nyuma, aliuawa katika vita hivyo.